Tuzihesabu kuta za ziwa letu

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mtu akipanda mtumbwi bandarini Musoma, akaizunguka rasi ya mji taratibu hadi Makoko, ataona kingo za kila namna kabla kasia halijamchosha. Ataona majabali yaliyokuwapo tangu kale. Ataona matete. Ataona mchanga ambapo kina mama wanafua na dagaa wanaanikwa. Na katikati ya hayo ataona kazi ya mkono wa binadamu: ukuta wa zege, mawe yaliyomwagwa na lori, magunia ya mchanga, gati, na kifusi cha nyumba ya zamani ambacho mwenyewe alikitupa majini kwa nia ya kuyazuia mawimbi.

Swali langu la juma hili ni jepesi kuuliza. Ukingo wetu umegeuzwa kuwa mawe na zege kwa urefu gani? Kwa ujenzi wa aina gani? Na kwa manufaa ya nani? Watu tunawahesabu, mifugo tunaihesabu, mitumbwi inapewa namba. Kuta za ziwa nazo zinastahili kuwa na hesabu yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili si la wataalamu peke yao, kwa sababu ziwa halitulii mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja, kule Uganda, kikafika mita 13.42, yaani juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Na mwaka 2024 maji yakapita hata hapo. Kutoka kule chini kwa mwaka 2006 hadi kule juu ni takriban mita tatu.

Kila ziwa linapopanda, mwenye kiwanja hujihami. Hapana wa kumlaumu mtu anayeona maji yakiingia uani kwake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ziwani mambo huweza kugeuka: ukuta wenyewe ndio unaofungua ufa kwa jirani. Wimbi linapofika kwenye mchanga wenye mteremko hutambaa, huchoka, kisha hurudi taratibu. Likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi na nguvu zake, na huchimba chini ya mguu wa ukuta ule. Pale ukuta unapoishia, wimbi hujipinda likala udongo wa kiwanja cha pili. Jirani naye hujenga, na wa tatu hujenga. Mwisho wake hapana mahali pa kuteremsha mtumbwi wala pa kunywesha ng'ombe.

Samaki nao wamo katika hesabu hii. Sato dume huchimba kiota chake kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Jike hubeba mayai mdomoni, na vifaranga hujificha majanini karibu na nchi kavu. Ziwa likipanda, matete ya ukingo wa asili huhamia bara pamoja na maji. Penye ukuta hayana pa kwenda, kwani matete hayapandi ukuta. Kwa hiyo mita mia za zege zaweza kuwa mita mia za malezi ya samaki zilizofutwa, na mvuvi wa Mwigobero asijue ni nani aliyempunguzia mapato.

Mtu atasema, sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini mita 60 kutoka wapi? Twende upande wa Bunda, kwenye Ghuba ya Speke, ambako sehemu nyingi za ukingo ni tambarare. Chukua mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila mita 20 za kutembea. Maji yakipanda mita tatu, ukingo unasogea mita 60. Maana yake ni kwamba ukanda wote uliopimwa na sheria wakati wa ukame wa 2006 ungekuwa chini ya maji mwaka 2024, na nyumba iliyojengwa kihalali ingeonekana imevamia ziwa. Bila ramani yenye tarehe, mahakama itaamua kwa macho na mgambo atabomoa kwa kukisia.

Basi daftari hilo liweje? Kwa maoni yangu, lisiwe na neno moja tu la "umejengwa" au "haujajengwa". Ukingo ugawanywe katika vipande vifupi, na kila kipande kipewe daraja. La kwanza ni ukingo wa asili. La pili ni ukingo uliofyekwa matete lakini haujajengwa. La tatu ni mawe au kifusi kilichomwagwa kwa mteremko. La nne ni ukuta wima wa mawe au zege. La tano ni gati na kivuko. Kisha paandikwe ujenzi umefanywa lini, ni mzima au umebomoka, unakinga nini, na kama pana njia ya watu kufika majini.

Madaraja hayo yana maana yake. Kisorya panahitaji sehemu ngumu, maana kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, hakiwezi kushusha magari kwenye matope. Huwezi kuiweka sehemu hiyo kapu moja na ukuta wa mtu aliyejiongezea bustani. Wamarekani, katika ramani zao za kujihadhari na mafuta yanayomwagika majini, hutenganisha ukuta mzima na lundo la mawe. Mafuta kwenye ukuta laini huoshwa na mawimbi, lakini kwenye lundo la mawe huzama katika nafasi za ndani yakakaa muda mrefu. Tena hutenganisha ukuta unaopigwa na mawimbi ya wazi na ule uliofichwa ndani ya ghuba.

Lakini tusiazime ramani ya watu kama tunavyoazima kanzu. Musoma ina miamba ya asili ambayo ukiitazama kutoka angani waweza kudhani ni mawe ya mkandarasi. Mwamba si ukuta. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure, lakini nukta moja ya picha ni mita 10 kwa mita 10, na ukuta wenye unene wa nusu mita haumo humo. Lazima mtu apite kwa miguu au kwa mtumbwi, akiwa na simu inayoonyesha mahali alipo, na mzee wa mwalo pembeni yake wa kumwambia jiwe lipi limezaliwa pale na lipi limeletwa.

Kwa upande wa Butiama hesabu itakuwa na sura nyingine. Huko mto Mara, kabla haujapita daraja la Kirumi na kuingia ziwani, unatawanyika katika kinamasi kikubwa cha mafunjo. Ukingo ule bado ni laini, nao unachuja tope kwa ajili yetu sote bila kudai mshahara. Kuuandika daftarini ungali mzima ni kazi muhimu sawa na kuandika kuta za mjini, kwani huwezi kudai kilichopotea kama hukuandika kilichokuwapo.

Kule Ulaya, Ziwa Bodensee linapakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, nchi tatu kama ziwa letu. Wenzetu hao walipima ukingo wao kipande kwa kipande na kuupa madaraja. Tena, sehemu kadhaa wameondoa kuta na kurudisha mteremko wa changarawe.

Ndugu msikilizaji, halmashauri zetu, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na vikundi vya usimamizi wa uvuvi katika mialo wanaweza kuifanya kazi hii kwa pamoja. Ombi langu ni kwamba daftari likikamilika libandikwe katika ofisi ya kijiji na ya mtaa, kila mtu alisome. Likifungiwa kabatini, litakuwa silaha ya kumwondoa mwenye kibanda cha nyasi na kumwacha mwenye ukuta wa zege. Likiwa wazi, mvuvi na mwenye hoteli watapimwa kwa kamba moja, kutoka alama moja. Ziwa litapanda tena na litashuka tena. Likitukuta na daftari, tutajua la kujenga, la kuacha na la kuondoa.