Ndakala wamepungua: tusishitakiane bure

Ndugu wasikilizaji, wakubwa wa vijiji, nanyi jamaa mliokimbia vita mkafika kando ya Ziwa Tanganyika, tunawasalimu.

Tunasikia neno hili: "Wageni wamemaliza ndakala." Tulichunguze pamoja.

Ziwani viumbe vinategemeana. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huliwa na vidudu. Vidudu huliwa na ndakala. Ndakala huliwa na mikebuka. Chakula cha mimea ile kimelala chini, katika maji mazito ya baridi. Upepo wa kusini wa kiangazi, Mei hadi Septemba, ndio unaokipandisha.

Lakini dunia imezidi joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na yale ya chini. Chakula kinabaki chini, mimea inapungua, na njaa inapanda toka kiumbe hadi kiumbe, mpaka kwenye nyavu zenu. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba jambo hili lilikwisha kuanza ndani ya karne ya 20, yaani zamani, kabla ya jamaa hawa kufika kwenu.

Nyavu za macho madogo nazo zinaharibu, maana zinakamata watoto wa samaki. Mwenyeji anazitumia, mgeni pia.

Basi, wakubwa, kabla ya kumfukuza mtu ufukoni, waiteni wote wawili. Mpatane juu ya nyavu, na juu ya mahali samaki wanapozalia. Joto la ziwa halichagui kabila.

Amani ikae kwenu.