Mwandishi Aliyeuona Mlima kwa Mbali



Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi wa hadithi fupi. Nimemchagua Ernest Hemingway, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1899, kwani hadithi yake ya 1936 iliutangaza mlima wetu duniani. Kuupanda hakuupanda. Januari 1934, akiwa Tanganyika kuwinda, alishikwa na kuhara damu, akapelekwa Nairobi kwa ndege ndogo. Miaka miwili baadaye akaandika habari za mwandishi anayekufa porini kwa donda la mguu, akijutia hadithi alizokuwa akiahirisha kuziandika.

Yule chui aliyekauka barafuni, anayetajwa mwanzoni, si wa kubuni. Mchungaji Richard Reusch alimkuta huko juu mwaka 1926, akamkata sikio liwe ukumbusho. (Maskini chui!) Hemingway alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1954, akafariki 1961.

Sasa mimi. Bibi yangu alitusimulia, tukiota moto, jinsi Mawenzi alivyokwenda tena na tena kuomba moto kwa Kibo, hata Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Alikuwa nazo nyingi. Nilisema nitaziandika nikimaliza shule. Kisha nikasema nikistaafu. Bibi alikwisha fariki, na kichwani zimenibaki mbili tu. Moja mmeisikia. Ya pili nimeiandika jana usiku. Mwalimu Mkuu, hii hapa, iwekwe maktaba.