Hiari ya Mwanadamu: Maneno kwa Watu na Waalimu katika Yubile



Tumekusanyika kwa furaha kuiadhimisha Yubile, na ni vema tulikumbuke asili ya neno hili. Katika Torati, mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa katika nchi yote, na Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akarudi huru kwa jamaa zake. Basi Yubile ni sikukuu ya uhuru. Walakini twauliza: aliyefunguliwa mnyororo, je, amekuwa huru kweli? Na mwanadamu, je, anayo hiari, au yote atendayo yamekwisha kuandikwa?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash aliukubali mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Noeli mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa pale Mkunazini, palipokuwa soko. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere akaongoza kundi la watu waliotolewa katika utumwa, kusudi waende upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Hata walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakataka kukaa pale, naye Askofu akakubali. Tulitafakari jambo hili. Watu waliokuwa wamechukuliwa kama mizigo, wasiulizwe neno, sasa walichagua wenyewe mahali pa kujenga, na neno lao likasimama.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Katika vijiji kadhaa vya misheni siku zile, waliokombolewa waliongozwa kwa kengele tangu asubuhi hata jioni, wakapangiwa kazi, na wengine wakachapwa. Mkombozi naye aweza kusahau kwamba aliyemkomboa ana nia yake.

Wako wasemao kwamba hiari ni ndoto tu. Watu husema, Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena husema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Angalieni, methali hizi mbili hazipatani: ya kwanza yataja damu, ya pili yataja malezi. Zote mbili zina kweli ndani yake, wala hakuna hata moja imwondoleayo mtu mzima jibu lake mwenyewe.

Wataalamu nao wana hoja yao. Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet na wenzake walitangaza majaribio yao. Watu waliambiwa wakunje mkono wakati wowote wapendao, na vyombo vikaonyesha kwamba ubongo ulianza kujitayarisha kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajatambua kwamba ametaka. Wengi wakasema, Basi hiari imekufa. Libet mwenyewe hakusema hivyo. Alifundisha kwamba baada ya nia kuzuka, mtu bado ana nafasi fupi ya kuizuia. Waalimu mwalijua jambo hili kuliko vyombo: fimbo iliyokwisha kuinuliwa kwa hasira bado yaweza kushushwa. Tena kukunja mkono si sawa na kuweka ahadi ya ndoa, ambayo mtu huipima moyoni miezi mingi.

Walakini tusidhani kwamba hiari haipungui. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini, aliyebatizwa Milano mwaka 387, alieleza katika Maungamo yake kwamba mnyororo uliomfunga aliufua mwenyewe, kwa kuifuata tamaa yake hata akashindwa kuiacha. Ndivyo ilivyo. Mtu hujiuza kidogo kidogo, kama yule Mwisraeli maskini, mpaka siku moja aona hana tena kitu cha kuuza.

Basi, mlevi akituambia, 'Ndivyo nilivyo, siwezi,' tusimcheke, wala tusimkubalie. Mnyororo wake ni wa kweli. Lakini mfungwa aweza kulia, naye aliaye kutaka msaada amekwisha kuitumia hiari iliyombakia. Hapo ndipo neema ya Mungu inapomkuta. Nayo haiji kuiondoa nia yake, yaja kuifungua. Na sisi jirani zake tuna kazi: tusimwite kwenye pombe siku ya pili.

Nanyi waalimu, msimwambie mtoto kwamba amekuwa kama babaye na hatageuka. Neno hilo ni pingu. Mwulizeni kwa nini alitenda, mngojeni ajibu, kisha mpeni kazi ya kuaminiwa nayo. Mtoto asiyepewa nafasi ya kuchagua jambo dogo, atachaguaje jambo kubwa?

Kanisa halimbatizi mtu mzima kwa nguvu. Humwuliza mbele ya watu kama amkataa Shetani, naye hujibu kwa kinywa chake. Ikiwa hiari haiko, swali lile ni mchezo, na toba yetu ni mchezo, na hata shukrani ya Yubile hii ni kelele tupu. Sisi twaamini kwamba swali lile ni la kweli. Basi na tulijibu upya, kila mtu kwa sauti yake mwenyewe, wala asiwepo wa kumjibia mwenziwe.