Wiki Yetu Busanza, Nje ya Geti la Kambi

 

Nimepewa dakika kumi na tano, na wahariri wa gazeti hili wamesema watapunguza, kwa hiyo sitazunguka. Wewe unayesoma huko Kigoma, Uvira, Bujumbura au Kampala umetuona kwenye kalenda ya fellowship, mimi na Mzee, na chini ya picha imeandikwa kwamba ni wamisionari walioko kambini. Naomba nianze kwa kusahihisha. Hatukai kambini. Tumepanga vyumba vitatu Busanza, na kambi ya Kanombe tunaijua kwa nje tu. Wastaafu wawili, mimi miaka 68 na mume wangu 72, hawaingii kambi ya jeshi kama wanavyoingia sokoni, na hatujawahi kuomba kuingia. Watu wetu wanatoka wenyewe: wake wa askari, mama zao, watoto, na wale wanaouguza wagonjwa katika hospitali ya jeshi, ambayo inapokea raia pia.

Busanza iko wilaya ya Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba Mzee akiomba lazima asubiri ndege ipite. Majirani zetu wengine walihamishiwa hapa kutoka Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama. Wengine wapo tangu zamani, wanakumbuka usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipodunguliwa na kuangukia hapa hapa Kanombe. Mwezi wa Aprili hatupangi ratiba. Tunakaa na watu, basi. Siku ya kwanza kufika niliambiwa nipande moto, nikashtuka, nikasema hata sisi wapentekoste tuna mipaka. Kumbe ni pikipiki.

Jumatatu tunafua na kupumzisha magoti. Jumanne saa kumi na moja alfajiri tunawasha jiko, tunapika uji wa sosoma, lita ishirini, tunaupeleka kwa wanaouguza. Wewe uliyewahi kuuguza mtu mbali na kwenu unajua. Mgonjwa ana daktari, ana kitanda, lakini yule aliyemleta amelala kwenye kiti siku ya tisa na nauli imekwisha. Hatuhubiri Jumanne. Mzee anamimina, mimi nauliza, "Mgonjwa wako ameamkaje?" Nasikiliza. Nikiombwa kuomba, naomba. Mwanzoni Mzee alikuwa na vijitabu mfukoni, akaviacha mwenyewe baada ya mama mmoja kumwambia kwa adabu, "Muzehe, mikono yangu imejaa kikombe." Jumatano anafundisha watoto kusoma Kiswahili, maana tangu 2017 ni lugha rasmi hapa na wazazi wanataka watoto waijue.

Alhamisi saa tisa alasiri ndiyo siku ninayotaka kukueleza. Ni maombi ya wanawake, sebuleni kwetu. Wanakuja kumi na wawili, pengine ishirini. Askari wa Rwanda wamepelekwa Afrika ya Kati, Sudan Kusini, na tangu 2021 Msumbiji kule Cabo Delgado, na mke anabaki na watoto na simu. Sasa hapa nikosee mbele yenu, kama nilivyokosea mbele yao. Mwezi wa tatu tangu tufike, dada mmoja aliniambia faragha mume wake yuko wapi na ana hofu gani. Alhamisi iliyofuata nikaomba kwa sauti, nikataja nchi, nikataja na hofu yenyewe. Nilidhani ni upako. Yule dada akainua mkoba wake akaondoka, na hakurudi kwa miezi miwili. Nilimfuata nyumbani kwake mara tatu kuomba msamaha. Mara mbili mlango haukufunguliwa. Tangu hapo tuna sharti moja sebuleni kwetu: hakuna anayemwuliza mwenzake mume au mtoto wake yuko wapi. Tunasema "wa kwako", na Mungu anajua alipo.

Ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Januari vita vikaingia Goma, Februari Bukavu. Mpaka kati ya Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo hata ndugu zetu wa Bujumbura tulikuwa tunawasikia kwenye simu tu. Siku moja dada mmoja wa fellowship yetu aliyeko Bukavu, mtu niliyelala naye chumba kimoja kwenye kongamano, akanitumia sauti WhatsApp. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, hao mnaowaombea Alhamisi, wake wa askari. Je, mnapowaombea, na sisi tunatajwa?"

Sikumjibu kwa wiki tatu. Mzee alinitajia Luka 3:14, askari walipomwendea Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini, naye hakuwafukuza, aliwaambia wasimwonee mtu. Ni andiko zuri, lakini dada yangu hakuuliza habari za Yohana. Mimi si mwanasiasa, wala hapa si mahali pake. Ila nilijua kwamba kumjibu "ndiyo, tunawataja" ingekuwa uongo, kwa sababu hatukuwa tumewataja. Tuliogopa. Niliogopa mimi.

Nikamwomba ruhusa, na Alhamisi nikaiweka ile sauti kwenye simu, wote wakaisikia. Kimya. Wawili waliondoka, mmoja hajarudi mpaka leo, na simlaumu. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye ana kijana jeshini, akauliza, "Anaitwa nani?" Nikamtajia. Akapiga magoti, magoti yake ni mabovu kuliko yangu, akamwombea kwa jina, na watoto wake, na nyumba yake, na maji ya kunywa. Kinyarwanda kitupu. Wengine wakaitikia mmoja mmoja. Nilirekodi, nikatafsiri chini yake kwa Kiswahili, nikatuma.

Jibu lilikuja usiku. Neno moja: "Nimesikia."

Sijui umetaka niseme kwamba wamepatana. Hawajawahi kuonana. Lakini kila Alhamisi sasa yule mama anataja jina lile, na dada wa Bukavu naye ananiuliza, "Magoti ya yule mama yanaendeleaje?" Fikiri kwamba injili yetu ya kipentekoste iliingia Rwanda mwaka 1940 kupitia Gihundwe, Cyangugu, ikiletwa na wamisionari wa Kiswidi waliokuwa wakitumika Kongo. Ilivuka kutoka upande ule kuja huku.

Ijumaa tunafunga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, Mzee anashika jembe kidogo vijana wanamnyang'anya. Jumapili tunakaa viti vya nyuma kama waumini wengine.

Mkataba wetu unaisha Desemba, na kamati imeuliza kama tuongezewe mwaka. Watoto wetu wanasema turudi, sukari ya Mzee inapanda. Bado tunaomba. Ila kama wewe na mwenzako mmestaafu, mna afya kiasi na mnaweza kunyamaza, jina lenu lifike kwa katibu kabla ya Oktoba. Ukipita Kigali, panda gari la Remera uje, Alhamisi saa tisa. Na uje na vikombe. Vya Jumanne vimebaki kumi na vinne.