Ushuru Tuliolipa Duane: Unaweza Kurudi, Lakini kwa Jina la Nani?

(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Lusangi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wasaidizi wetu walio mbali.)



Katika mkutano uliopita mamama wa sabuni walituuliza hivi: "Soda tunailipia ushuru ikiingia Kongo. Sabuni tunaipeleka Kigoma. Ule ushuru hauwezi kurudi?" Tuliahidi kutafuta. Jibu tulilopata lina ndiyo ndani yake, na lina hapana pia, na hapana ni kubwa kidogo kupita ndiyo.

Tuanze na ndiyo. Serikali inatoza ushuru juu ya mali itakayotumiwa ndani ya inchi. Kama ile mali imetoka tena nje, ikiwa vile ilivyoingia ao ikiwa imegeuzwa kitu kingine, aliyelipa anaweza kuomba arudishiwe. Watu wa duane wanaita ile njia drobaki. Si jambo jipya: Marekani waliiweka katika sheria yao ya ushuru ya 1789, na mpaka leo wanaweza kurudisha asilimia 99 ya kile kilicholipwa. Kwetu iko katika Sheria ya Duane ya tarehe 20 Agosti 2010, na wanaoisimamia ni DGDA. Majirani wetu wa Tanzania, Kenya na Uganda wanayo katika sheria yao moja ya forodha ya 2004. Kwao anayeomba anapashwa kuomba ndani ya miezi 12 tangu mali ilipotoka. Ikipita, basi.

Sasa tufanye hesabu, maana hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika. Tuseme tumeleta mali ambayo, pamoja na transport mpaka mpaka wa Kongo, bei yake ni dola 1,000. Ushuru wa kuingiza kwetu unakuwa mara nyingi asilimia 5, 10 ao 20, kufuata aina ya mali. Tushike 10: ni dola 100. Kisha TVA asilimia 16, nayo haihesabiwi juu ya 1,000, inahesabiwa juu ya 1,100. Ni dola 176. Jumla 276.

Katika ile 276, drobaki inagusa ile 100. TVA ina njia yake mbali, na ile njia ni ya wafanyabiashara walioandikwa kama walipaji wa TVA. Sisi hatumo. Na hata wakubwa walioandikwa wanangoja: makampuni ya migodi ya kule Katanga, yenye maavoka na makontable, yamelalamika miaka mingi juu ya TVA ambayo serikali haijawarudishia. Basi mama mwenye beseni asipange kula pesa ile.

Tunabaki na dola 100. Lakini si sabuni yote inayokwenda ngambo. Ingine tunauza hapa sokoni, ingine inapanda Kasongo, ingine Kindu. Kuna aliyetuambia kwamba yeye pia anauza nje, maana anauza Bukavu. Hapana, Bukavu ni kwetu! Kinachohesabiwa ni kile kilichovuka mpaka na karatasi ya kutoka. Kama robo tatu ya soda imevuka ikiwa ndani ya sabuni, tunaomba dola 75.

Na namna gani duane itajua soda ngapi imo ndani ya sabuni? Hapo inatakiwa daftari. Kilo moja ya mafuta ya mawese inakula karibu gramu 140 za soda. Mfuko wa kilo 25 unatosha karibu kilo 179 za mafuta. Mamama wanajua ile hesabu kwa mikono, kwa kikombe na kwa macho, na sabuni yao ni nzuri, hatuna neno. Lakini ofisi haioni mikono. Inaona tarehe, kilo zilizoingia chunguni, vipande vilivyotoka, vipande vilivyouzwa wapi.

Lakini kizuizi kikubwa kupita vyote ni jina. Ushuru unarudi kwa yule ambaye jina lake liko kwenye deklarasio. Na sisi tunaleta mali namna gani? Tunatia mifuko yetu miwili, mitatu ndani ya muzigo wa mwenye mashua, pale Kigoma. Kufika Kalemie ao Baraka, deklarasio inaandikwa kwa jina la mwenye muzigo mkubwa. Sisi tunamlipa yeye, bila hata kipande cha karatasi. Mbele ya sheria, sisi hatujalipa kitu. Soda ni ya yule, ushuru ni wa yule, na siku akiomba kurudishiwa ni haki yake.

Jambo lile lile liko Dar es Salaam. Ukinunua Kariakoo dukani, mali imekwisha kulipiwa ushuru wa Tanzania, nao umo ndani ya bei. Unaubeba mpaka Kalemie, unalipa tena wa Kongo. Mara mbili. Mwenye karatasi za kuingiza ni tajiri wa duka. Mali inayopita Tanzania kwa tranziti, ikiwa imeandikwa tangu mwanzo kwamba inakwenda Kongo, haidaiwi ule ushuru wa kwanza. Lakini tranziti inaomba dhamana na wakala, na kwa mifuko mitatu hakuna wakala atakayekusikiliza.

Ndiyo maana komite inaomba tununue pamoja: muzigo mmoja, fakture moja, deklarasio moja, jina la chama. Mtu peke yake na mfuko mmoja, kufuata dola mbili tatu mpaka kando ya ziwa, atakula zaidi kwenye pikipiki. Pamoja, dola 75 zinaanza kuonekana. Hata hapo tusizihesabu kama mtaji wa mwaka huu. Zikikuja, zitaingia kwenye sanduku la mikopo.

Kuna pesa ingine ambayo drobaki haitaigusa kabisa: ile tunayoacha kwenye vizuizi njiani, bila risiti. Wengine wetu, tukifanya hesabu ya safari nzima, ile ndiyo kubwa. Hatuwezi kuwaahidi kitu juu yake leo. Tunaomba tu kila msafiri aandike mahali, siku na kiasi, ili tukienda kwa wakubwa tuwe na kitu mkononi. Na akija mtu kusema anaweza kuwarudishia ushuru wenu, mumpe kwanza asilimia fulani, mumuulize deklarasio iko kwa jina la nani. Walikuja kwa wenzetu, wakaenda na pesa.

Kwa wasaidizi wetu. Mmoja wenu anataka kututumia mashine ya kukamua mawese. Aksanti sana. Tunaomba isipakiwe bado. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inafungua mlango wa kuomba msamaha wa ushuru, lakini ule msamaha unaombwa mali ikiwa haijafika, na kwa jina la chama chenye karatasi kamili. Mashine ikifika Kalemie kwa jina la rafiki, tutailipia, na kuomba kurudishiwa nyuma ni safari ingine ndefu. Kama kuna pesa ya kutusaidia leo, itusaidie kumaliza karatasi za chama, na kumlipa deklarante mmoja kwa muzigo wa kwanza.

Daftari la muzigo ujao liko kwa sekretere. Anayetaka soda alete pesa ya mifuko yake, aandike jina na idadi, na apewe risiti pale pale. Mamama wa sabuni watapewa daftari ya pili, ile ya chungu. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule.