Somo Yangu Alipokwenda Kongo

(Mazungumzo ya mwanakikundi kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa. Majina ya watu hayakuandikwa kwa ombi la msemaji.)



Nimepewa robo saa niseme juu ya kifungu cha katiba yetu kinachomhusu mwanachama aliye mbali kikazi. Wengi mnakijua kifungu hicho, mnakitumia, lakini hamjui kilikotoka. Kimetoka kwangu mimi, na hakikutoka kwa akili nyingi. Kimetoka kwa aibu. Leo nitaisema.

Somo yangu mnamjua. Tumezaliwa naye kijiji kimoja huku kwenye Delta, tumechota maji kisima kimoja, tumefundishwa unyago mwaka mmoja. Mimi nikaolewa, yeye akaenda JKT, kisha akaandikishwa Jeshi la Wananchi. Kikundi kilipoanza mwaka 2015, akaja likizo, akanunua hisa kama sisi, na jina lake likaingia daftarini. Aliponiambia mwaka 2017 kwamba anakwenda Kongo kwa kazi ya Umoja wa Mataifa, sikushtuka sana. Watu wa huku tumezoea habari za askari kwenda mbali. Bibi zetu walisimulia juu ya Keya waliopelekwa Burma wakati wa vita vya Hitla. Wengine hapa mna baba na wajomba waliokwenda Kagera mwaka 1978, wakafika hadi Kampala mwaka 1979. Na karibuni zaidi ni Darfur, ambako askari wetu 7 waliuawa kwa siku moja, tarehe 13 Julai 2013. Kongo kwenyewe vijana wetu walikuwepo tangu mwaka 2013 katika ile brigedi ya nchi tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi.

Basi akaja kuaga. Mtoto wake alikuwa na miaka miwili na nusu, akamwacha kwa mama yake ng'ambo ya mto. Mimi akaniachia fedha za hisa. Alipiga hesabu yake sawasawa: hisa tano kwa wiki, kila hisa shilingi 2,000, kwa wiki 52. Shilingi laki tano na elfu ishirini. Katiba yetu wakati ule haikuruhusu mtu kulipa mbele, ilitaka fedha iwekwe mezani Alhamisi kwa Alhamisi. Kwa hiyo alinipa mimi mkononi, bila karatasi, bila shahidi. Masomo kwa masomo, karatasi ya nini?

Alhamisi ya kwanza nililipa tarehe 8 Juni. Nikaendelea wiki 24 bila kukosa.

Sasa mkumbuke mwaka ule wa 2017 ulikuwaje kwetu. Viongozi wa vijiji walikuwa wakiuawa. Mwezi wa Aprili polisi 8 waliuawa pamoja hapa Kibiti. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, watu wakilala na jua. Kikundi chetu kilikuwa kikikutana saa kumi jioni, tukahamisha kikao kikawa saa tatu asubuhi, na wengine walikuwa wanakuja wakiwa wamefunga vibubu vyao kiunoni kwa kanga. Somo akipiga simu kutoka Kongo, kitu cha kwanza anauliza, "Huko mko salama?" Nikamwambia wewe ndiye uliye vitani, mbona unaniuliza mimi! Anacheka. Lakini hakuwa akitania. Usiku halali kwa ajili ya mama na mtoto, na mimi huku silali kwa ajili yake. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu yetu ya usiku, kwake saa mbili, ndiyo ilikuwa saa ya simu. Mtandao ukikataa nakwenda gatini, pale unashika kidogo.

Alikuwa upande wa Beni. Akanisimulia jinsi wanawake wa kule wanavyosema Kiswahili chao, wakishukuru ni "aksanti". Kisamvu wanakiita sombe, na wanakipika kwa mawese mpaka kinakuwa cheusi. Siku moja walikuwa sokoni, mama mmoja akamuuliza kama na yeye ana mtoto. Akajibu ninaye, yuko kwa bibi yake. Yule mama akampa ndizi akasema mpelekee. Ndizi ya kupeleka Rufiji kutoka Beni! Aliila, akalia. Hayo alinieleza kwa simu huku anacheka, lakini mimi nilijua.

Nakuja kwenye aibu.

Mwezi wa Novemba biashara yangu ya kamba ililegea. Nilikuwa na deni, na zilibaki kwangu laki mbili na elfu themanini za somo. Nikajiambia nitazizungusha wiki moja tu, zitarudi na faida. Nikanunua kamba, nikajaza barafu, nikapanda gari kwenda Dar es Salaam. Gari likafia njiani. Tukakaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Wenye kazi hii mnajua kamba wanakuwaje barafu ikiisha. Nilimwaga.

Alhamisi ya kwanza sikuleta hisa zake, nikasema mtandao. Ya pili nikasema nimesahau. Ya tatu ilikuwa tarehe 7 Desemba. Mhazini akaniuliza hapa hapa mbele yenu, "Vipi hisa za somo wako?" Nikasema bado hajatuma. Yaani uongo nilimtupia yeye, mtu aliyekwisha kulipa mwaka mzima.

Jioni ya siku ile ile, huko Semuliki katika eneo la Beni, kambi ya askari wetu ilivamiwa. Walipigana saa nyingi za usiku. Wanajeshi 14 wa Tanzania walitangazwa kuuawa, baadaye hesabu ya Umoja wa Mataifa ikafika 15, na majeruhi walizidi 40. Waliotajwa kufanya ni wale waasi wanaoitwa ADF. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wao katika miaka ya karibuni.

Sisi tulisikia redioni Ijumaa. Hakuna majina. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaenda gatini nivuke kwa mama yake, nikakuta maji yamekupwa, mtumbwi umelala kwenye tope. Nikakaa kwenye mzizi wa mkoko nikisubiri maji, na jamani, msinicheke, nilikuwa nahesabu fedha. Tatu mara kumi, elfu thelathini. Nikawa nasema moyoni, kama amekufa, amekufa nikiwa nimemwita mdanganyifu mbele ya watu.

Nilipovuka nikamkuta mama anatwanga mpunga. Alikwisha kusikia. Hakuacha kutwanga. Akasema, "Mwanangu, kaa, shika mchi mwingine." Tukatwanga wote wawili mpaka Magharibi. Mpaka leo naona ule ndio ulikuwa msaada wa kweli, na alinipa yeye, siyo mimi niliyempa.

Jumapili usiku simu ikalia. Alikuwa hai, alikuwa kambi nyingine. Lakini wale waliokufa alikuwa anawajua. Mmoja walikuwa wakila pamoja. Hakusema mengi. Alisema mwambieni mtoto mama yake yupo.

Niliuza mbuzi wawili na kitanda. Mpaka mwezi wa Februari nilikuwa nimelipa yote pamoja na faini. Mlidhani somo ametuma. Leo ndiyo mnajua.

Alirudi katikati ya mwaka 2018. Hapo sasa kikundi kizima tulikosea, siyo mimi peke yangu, kwa hiyo nasema kwa kujiamini kidogo. Alikuwa ameomba kwa simu apokewe kimya kimya. Sisi tukaona ni unyenyekevu wa askari. Tukapika pilau, tukaita ngoma, vigelegele tangu gatini. Alishuka mtumbwini anatabasamu, akatuamkia wote, wazee akawapigia magoti. Mtoto akaletwa. Mtoto akamtazama, akarudi nyuma ya kanga ya bibi yake, akamshika bibi akamwita "mama". Ngoma ilikuwa inaendelea. Mimi nilikuwa karibu, niliona uso wake. Nikatamani niwanyamazishe wote lakini sikuthubutu.

Usiku ule nililala naye chumba kimoja. Nyumba ya mama yake ina bati, na mnazi umeinamia pale juu. Kiasi cha saa nane nazi ikaanguka batini. Kabla sijajua ni nini, mtu yuko chini sakafuni, amelala kifudifudi, amenivuta na mimi, mkono wake uko juu ya kichwa changu ananikinga. Tukakaa hivyo. Baadaye akasema taratibu, "Ni nazi?" Nikasema ni nazi. Hakulala tena. Akatoka akakaa barazani mpaka alfajiri, na mimi nikakaa naye. Hapo ndipo nikamwambia habari ya fedha. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Hesabu utanipa siku nyingine. Leo kaa tu."

Asubuhi wakaanza kuja wageni. Huyu ana mtoto wa shule, huyu bati zimeoza, huyu anataka mtaji. Watu waliamini amerudi na gunia la dola. Hapa niseme jambo, maana hata leo wapo wanaoamini hivyo. Fedha ya askari wa kulinda amani Umoja wa Mataifa huilipa nchi yake. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na hiyo huingia Serikalini. Posho ya askari mwenyewe hutolewa kwa utaratibu wa nchi yake. Mtu akisikia kiwango hicho redioni anadhani kiko mfukoni. Somo hakuwa na gunia. Alikuwa na posho, na mama, na mtoto asiyemjua, na ada za wadogo zake wawili. Kwa siku tatu alitoa, alitoa, mpaka mama yake akafunga mlango.

Nani alimsaidia? Bibi zetu wawili wa kikundi, wale wasukaji mikeka. Hawakuuliza Kongo kukoje. Walikuja na miaa yao, wakakaa uani, wakamtupia fungu. Akaanza kusuka ukili, mkono umesahau, ukili unakwenda upande. Wakamcheka, akafumua, akaanza tena. Mtoto alikuja kuchezea miaa. Siku ya nne akakaa karibu. Siku ya sita akamletea mama yake kikombe cha maji, akamwita "shangazi". Ah, tukasema, njia imeanza. Ilichukua mpaka likizo ya pili ndipo akamwita mama. Mwenyewe alisema ule ukili ulimpa kitu cha kutazama watu wakizungumza, asilazimike kutazama macho yao. Usingizi ulichelewa kurudi. Alipoanza tena kazi alimwona daktari katika hospitali ya jeshi, akaambiwa ni kiwewe, kinawapata wengi, kina tiba. Nasema hivi kwa idhini yake, kwa sababu huku kwetu mtu wa namna hiyo tunasema amechezewa, tunamtafutia mganga, na miezi inapita.

Ndipo mwaka 2019 tukakaa kikao cha katiba. Mimi ndiye niliyeleta hoja, na mkashangaa kwa nini naing'ang'ania. Mwanachama akienda mbali kikazi, alipe hisa zake mbele, ziingie sandukuni siku ile ile, zisipite mkononi kwa mtu. Mhazini na mjumbe mmoja watie saini. Na mfuko wa jamii, ambao ulikuwa wa kufiwa, kuuguliwa na kuzaa tu, umhudumie pia mzee au mtoto aliyeachwa nyumbani. Kulikuwa na ubishi, mnakumbuka. Mmoja akauliza, wanajeshi wangapi tunao? Nikasema mmoja. Lakini tazameni leo: mabinti zetu wanne wako Oman kwa kazi za nyumbani, na watoto wao wako hapa kwa bibi zao. Kifungu ni kile kile, na hata kurudi kwao kunafanana. Wanashuka na begi kubwa, tunaangalia begi.

Somo alitaka awepo leo, ila yuko kazini, ameniambia niwasalimie. Yule mtoto yuko shule ya msingi sasa, amekaa pale mbele na bibi yake, amevaa sare.

Hisa za wiki hii za somo yangu ni hizi hapa, hisa tano. Naomba bibi mhazini azihesabu mbele yenu, na aniandikie stakabadhi.