Tangi la Samaki la Plaiwudi: Hotuba kwa Vyama vya Msingi


Tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha sentimita 60 hubeba lita 1,200, yaani kilo 1,200, sawa na mifuko 24 ya saruji. Kwa hiyo sakafu yake iwe imara na sawasawa.

Msukumo wa maji huongezeka kwa kina, si kwa urefu wa tangi. Ukingo wa juu ufungwe kwa fremu ya mbao, kuta zisitanuke. Kioo kibandikwe kwa ndani, ili maji yakikandamize kwenye fremu.

Plaiwudi ikilowa huachana matabaka; ipakwe epoksi isiyodhuru samaki, ikauke kabisa. Kisha tangi lijazwe na kuangaliwa juma zima kabla ya kutia samaki. Likipasuka, hasara ni ya wanachama wote.